Fundi Aliyeitwa Haraka na Rula ya Baba Yake

Mtu tunayemzika leo mlimwita Haraka. Wengine wenu mmemjua kwa jina hilo peke yake, mkampigia simu kwa jina hilo, mkamtafuta mitaani kwa jina hilo, na akaitika. Wasifu huu umeandikwa na familia yake na unasomwa na binti yake mkubwa. Kwa kuwa marehemu hakupenda kazi ya kulipua, tunaomba mvumilie urefu wake. Sehemu ya mwisho iliongezwa juzi, mchapaji akiwa ameshaanza kazi, akanung'unika sana. Mtaelewa tukifika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili iliyogawana ukuta na karakana ya baba yake. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alizaliwa mashine ikinguruma upande wa pili, akakaa kimya mpaka ilipozimwa, ndipo akalia. Kaka yake alikuwa na miaka minne. Ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kuogelea na kupiga mluzi, na akapigana na watoto wa jirani kwa ajili yake. Hayo tunayaandika makusudi, maana yanayofuata si mazuri, na msikilizaji asije akadhani hawa wawili hawakuwahi kupendana.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila alikuwa wa mwisho kumaliza kila alichoanza. Siku moja mwalimu wa hesabu alichora mstari ubaoni kwa mkono mtupu, na marehemu akanyoosha kidole kusema umepinda. Mwalimu akampa chaki. "Haya, njoo uchore wewe." Akatoka, akaanza kuchora, na kengele ya mapumziko ikalia hajafika nusu ya ubao. Kuanzia siku hiyo shule nzima ilimwita Kobe, na nyumbani vilevile. Lilikuwa jina lake la kwanza la utani, na ndilo lililomfaa.

Mwaka 1973 aliingia karakana kwa baba yake. Palikuwa na mashine kadhaa, lakini kubwa lao lilikuwa mashine ya randa: meza mbili za chuma, moja ya kuingizia ubao na nyingine ya kuupokea, na katikati yake visu vinavyozunguka. Meza hizo zikilala kwenye mstari mmoja, ubao unatoka umenyooka. Zikikosana hata kwa unene wa kucha, ubao unatoka umepinda, na jicho halioni. Ndiyo maana mzee alikuwa na rula. Haikuwa ya kupimia urefu, wala haikuwa na namba hata moja. Ilikuwa kipande kizito cha chuma, kirefu kumpita mtu mzima, ambacho ukingo wake ulinyooshwa kwa kazi moja tu: kulazwa juu ya meza zote mbili, taa ikawashwa nyuma yake. Mwanga ukipita chini ya chuma, mashine imekosea. Usipopita, endelea na kazi. Mzee aliitundika ukutani, na ole wake aliyeigusa kwa mkono wenye jasho.

Mzee alifariki tarehe 3 Agosti 1981. Karakana ilifungwa kwa msiba, na katika pilikapilika za kupanga viti na kupokea watu, mtu fulani aliitoa rula ukutani ili apate nafasi, akaiegemeza uani. Rundo la mbao likaiangukia. Marehemu ndiye aliyeifukua. Aliipangusa, akafumba jicho moja na kuitazama kwa urefu wake.

"Kaka, hii imeumia."

Kaka yake alikuwa amemzika baba na kurithi karakana kabla machozi hayajakauka. "Chuma hakiumii," alisema. "Itundike."

Ikatundikwa. Mwaka uliofuata sakafu ya karakana ilijengwa upya, mashine ya randa ikahamishwa, na kaka akaziseti meza zake upya kwa kuifuata rula ya baba. Tangu hapo mbao zikawa na ugonjwa mmoja. Ukiziweka mbili ubavu kwa ubavu, zinagusana kwenye ncha, na katikati zinaacha upenyo. Kaka alisema ni mbao mbichi. Walizipaka gundi, wakazibana kwa klempu mpaka upenyo ukafumba, wakapiga rangi na kuuza. Baadaye meza za watu zilipoachia kwenye maungio, ilisemwa kwamba gundi ya siku hizi si gundi.

"Kaka, mbao zote haziwezi kuwa na tabia moja," marehemu alimwambia. "Tuipindue rula tuone."

Kwa wasiokuwa mafundi tueleze. Kuipindua rula ni jambo la dakika chache. Unailaza juu ya ubao, unapiga mstari wa penseli kuufuata ukingo. Halafu unaigeuza rula, uso wa juu uwe chini, ukingo uleule urudi kwenye mstari kutokea upande wa pili, na unapiga mstari tena. Kama imenyooka, mistari inalaliana inakuwa mmoja. Kama imepinda, mistari inaachana, na rula inakuwa imejisema yenyewe. Huhitaji chombo kingine wala shahidi.

Kaka alikataa. "Unataka kumpima baba?" aliuliza. "Wewe, Kobe, utampima baba?" Marehemu alinyamaza, na kunyamaza huko alikujutia maisha yake yote.

Jumatano tarehe 9 Oktoba 1985, asubuhi, alikuwa akipitisha ubao mrefu wa mlango kwenye mashine ya randa. Ubao ulipofika katikati ulianza kucheza kama bembea, kana kwamba meza zimeinuka hapo katikati, kichwa kikiinuka mkia ukishuka. Aliukandamiza utulie. Ukaruka, na mkono wake wa kulia ukashuka pale ubao ulipokuwa. Visu vilichukua kidole cha shahada chote na nusu ya cha kati. Mafundi waliokuwepo wanasema hakupiga kelele. Alitembea mwenyewe hadi kwenye swichi, akaizima mashine kwa mkono wa kushoto, kisha ndipo akaketi chini.

Kaka alifika wodini jioni ileile. Alisimama miguuni mwa kitanda na kusema, mbele ya wagonjwa na wauguzi, "Haraka haraka haina baraka, mdogo wangu. Nimesema mara ngapi?" Huenda alisema kwa hofu, kwa maana mtu akiogopa husema lililo karibu na ulimi. Lakini aliyekuwa akiambiwa hivyo ni Kobe, mtu aliyeshindwa na kengele ya mapumziko, na kila aliyemjua alipaswa kucheka. Hakuna aliyecheka. Maneno yalitoka wodini yakafika karakana, yakatoka karakana yakafika mtaani.

Alipopata nafuu alirudi kudai rula ipinduliwe. Kaka aliwaita mafundi wote, akailaza rula juu ya meza za mashine, akawasha tochi nyuma yake. Hapakupita mwanga hata wa kutilia shaka. "Mmeona?" aliwauliza, na kweli waliona. Ila meza zilikuwa zimesetiwa kwa rula hiyohiyo, sasa zingeikataaje? Ilikuwa kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani, na hukumu ikatoka ilivyotoka: mashine haina kosa, kosa ni la mkono. Jina la Kobe lilikufa siku hiyo. Aliondoka karakana ya baba yake akiitwa Haraka, na mkono umefungwa kitambaa.

Kuhusu muda uliofuata hatuna mengi ya kusema, kwa sababu mwenyewe hakuyasema. Hakuna karakana iliyompa mashine. Nani angempa mashine mtu anayeitwa Haraka, na mkono wake mnauona? Alipakia magogo, akalinda geti la ghala, akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Alikunywa kidogo, halafu sana, halafu akaacha.

Mwaka 1987 aliingia duka la vifaa vya ufundi kununua rula yake mwenyewe, na siku hiyo mwenye duka hakuisahau mpaka anastaafu. Marehemu aliikataa ya kwanza kwa kuwa ni fupi: rula fupi, alisema, inakupa habari za meza moja, na ugomvi uko kati ya meza mbili. Akaikataa nyembamba, kwa kuwa inanepa kwa uzito wake yenyewe. Akaikataa moja nzuri iliyong'aa, yenye namba zilizochongwa, akisema yeye hapimi vitambaa. Zilizobaki aliziombea ubao na penseli, akakaa chini sakafuni, akaanza kuzipindua moja baada ya nyingine. Wateja walimruka wakaenda zao.

"Bwana," mwenye duka alimwuliza mwishowe, "unanunua rula au unaposa?"

"Ningekuwa naposa nisingekawia hivi," alijibu. "Mke akiona kosa atasema. Hii ikikosea inanyamaza."

Aliyoichagua ilikuwa nyeusi, nzito, na ina kutu ubavuni, na mwenye duka alifurahi kuondokana nayo. Aliitengenezea sanduku la mbao, akalitandika blanketi ndani, akawa analibeba begani kushoto. Usiku aliitundika. Hakuiegemeza ukutani hata mara moja, na ole wake mtoto wa nyumbani aliyeweka kitu juu ya sanduku lile. Binti anayewasomea haya ana kumbukumbu ya kofi moja, na alilistahili.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1988 na fundi cherehani aliyepanga chumba cha jirani. Urafiki wao ulianza kwa ugomvi. Mama huyo alikuja kuazima rula ya kukatia kitambaa, na marehemu akamnyima. "Chuma tu hicho, unakinyimia nini?" aliuliza mama. Siku ya tatu marehemu alimpelekea rula ya mbao aliyoichonga mwenyewe kwa mkono mbovu, akaipindua mbele yake juu ya meza ya kukatia, akamwonyesha mistari ilivyolaliana, akarudia tena asije akadhaniwa kabahatisha. Mkewe anasema alijua palepale kwamba huyu mtu ana kidonda mahali, na kwamba si mkononi. Kupindua rula ndilo jambo pekee la useremala analolijua mpaka leo. Mungu aliwajalia binti na kijana.

Kazi yake ikawa kuseti mashine za mbao za watu. Alianza na kiwanda kidogo cha milango kilichokuwa kimekata tamaa na mashine yake, na habari zikatembea. Alikuja, akailaza rula, akapiga magoti na tochi, akalegeza nati, akakaza, akalaza tena. Wenye viwanda walilalamika kwamba anakula muda wao, kisha wakamwita tena. Walikuwa na utani wao: mwiteni Haraka, ila msiwe na haraka. Yeye alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Kila kijana fundi aliyeumia mahali popote mjini, marehemu aliuliza swali moja kabla ya kuuliza hali yake: "Mashine aliiseti nani?"

Karakana moja tu haikumwita. Ilikuwa njiani kati ya nyumbani na kituo cha mabasi, naye angeweza kupita barabara nyingine, ila hakupita. Alisimama upande wa pili wa barabara na sanduku lake begani, akisikiliza mashine ya randa ikifanya kazi ndani. "Unasikiliza nini?" mkewe alimwuliza siku moja. "Inalia vibaya," alisema, wakaendelea na safari. Yeye na kaka yake walisalimiana kwenye harusi na misiba, wakaulizana habari za watoto, wakapakuliana chakula. Karakana haikutajwa. Ukiwaona ungesema ndugu wanaopatana.

Mwaka 2021 kifua kilianza kumbana. Daktari alisema ni vumbi la mbao la miaka yote, kwamba mapafu yamekakamaa na hayatalainika tena. Alilazwa mara mbili, akarudishwa nyumbani, kitanda chake kikahamishiwa chumba cha mbele penye dirisha kubwa. Sanduku la rula lilikuwa limetundikwa mahali anapoliona.

Kaka alikuja kumwona mwezi wa Aprili mwaka huu wa 2023, amebeba mfuko wa machungwa. Aliongea habari za mvua, na za magoti yake yanayomsumbua. Marehemu alimsubiri amalize.

"Kaka, sitaki uniombe radhi," alisema, akivuta pumzi kila baada ya neno. "Nataka uipindue tu. Umeshaipindua?"

"Pumzika kwanza. Ukipona tutaongea."

"Sitapona."

Kaka alimenya chungwa, akalichambua lote, akalipanga kwenye sahani kando ya kitanda. Halafu akaaga. Lile chungwa lilikaa pale hadi kesho yake, hakuna aliyeweza kulila wala kulitupa.

Siku zilizofuata marehemu aliuliza kila jioni kama kaka amepita. Alijibiwa bado. Alifariki Ijumaa tarehe 2 Juni 2023 asubuhi, nyumbani, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya mikono ya mkewe. Katika maandishi kama haya huwa inasemwa kwamba marehemu aliondoka kwa utulivu. Huyu hakuondoka kwa utulivu. Aliondoka akiitafuta hewa, na aliondoka akiitwa Haraka.

Sasa tuseme habari ya jeneza. Mchana wa siku ileile kaka alituma ujumbe kwamba mdogo wake hawezi kulala kwenye jeneza la dukani, atalitengeneza yeye. Kijana wa marehemu alitaka kukataa. Mama yake alimwambia, "Mwache atengeneze." Kesho yake alikwenda mwenyewe karakana kupeleka kitambaa cha kuvisha ndani, alichokuwa amekishona kwa cherehani yake, na binti yake akamsindikiza. Walimkuta shemeji yake amezipitisha mbao nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, na amezilaza mbili za kifuniko ubavu kwa ubavu. Ziligusana kwenye ncha. Katikati ziliacha upenyo, na sakafu ilionekana. Alikuwa ameshashika klempu.

"Shemeji, usizibane," mama alisema.

"Mbao mbichi hizi, shemeji. Zikibanwa zinafunga."

"Zote mbichi? Tangu mwaka ule?"

Mafundi waliacha kazi. Mzee huyu ana miaka sitini na tisa na hapo ni kwake, angeweza kumwambia atoke. Hakumwambia. Alikwenda ukutani, akaitungua rula. Aliilaza juu ya ubao wa kifuniko, akapiga mstari. Akaigeuza, akapiga wa pili. Mistari ilianza pamoja, ikaachana taratibu, ikafika katikati ikiwa imeacha nafasi ya kulaza njiti ya kiberiti, kisha ikarudi kukutana mwishoni. Alipiga tena, akaikandamiza penseli mpaka ikavunjika. Ikawa vilevile.

Aliketi juu ya meza ya mashine, ileile. "Alikuwa Kobe huyu," alisema. "Tangu shule alikuwa Kobe. Nilijua hana haraka."

"Alikuuliza Aprili," mama alisema, na hakumfariji. Tunaandika hivyo kwa idhini yake, kwa sababu hataki isemwe kwamba yaliisha kwa kukumbatiana.

Binti alitumwa nyumbani kuleta rula nyeusi. Mashine ilizimwa, na mzee akazinyoosha mbao zile kwa randa ya mkono, akisukuma na kupima, akisukuma na kupima, mpaka jioni, hakumruhusu fundi yeyote kumpokea. Alipoziunganisha, tochi ilipowashwa chini yake hapakupita kitu. Kisha akageuza kifuniko, akataka kuifuta ile mistari ya penseli upande wa ndani.

"Iache," mama alimwambia. "Upande huo anautazama yeye."

Kwa hiyo mistari ile imo. Kitambaa kimeshonwa kuizunguka, hakikuifunika. Sisi tuliopo hapa hatuioni, lakini iko juu ya uso wake, mahali angeisoma.

Na haya ndiyo maneno yaliyomchelewesha mchapaji. Kaka wa marehemu, ambaye amesimama hapa mnamwona, ameomba yachapwe na yasomwe kama alivyoyatamka: "Mdogo wangu hakuwa na haraka. Rula ya baba ilikuwa imepinda, na mashine niliiseti mimi. Mlioniamini mimi, nilikosea. Mliomcheka yeye, acheni." Mashine ya randa haijawashwa tangu siku ile. Binti wa marehemu ataiseti baada ya msiba, kwa rula nyeusi, maana kazi hiyo alifundishwa na baba yake na hakuna mwingine aliyekubaliwa kulibeba sanduku.

Marehemu ameacha mjane, binti, kijana, mkwe, wajukuu watatu na kaka mmoja. Familia inawashukuru wote mliofika, na ina ombi moja. Lile jina mlilomzoea, tunaomba mliache hapa hapa kaburini. Huyu ni Kobe.

Mtakaposhika udongo, mtupieni polepole. Apumzike kwa mwendo wake.